Na

Robota lilipokatwa kamba pale Memorial, alfajiri,
mimi nilikuwa natafuta mashuka.
Mashuka yalianguka, ndiyo, na soksi zisizo pacha,
kisha jezi nane za bluu, zimekunjwa pamoja
kama ndugu waliolelewa kitanda kimoja.
Nne, tano, saba, tisa, kumi na moja,
kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano.
Kifuani herufi tatu tu: AND.

Mama Ndeshi, mwenye meza, alisema ni kampuni ya simenti.
Mwalimu Kirita akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena.
"Hicho ni Kiingereza. Maana yake *na*."
"Na nini, Mwalimu?"
"Na. Basi."

Elfu tatu kila moja. Nusu nikalipa, nusu nikaandikwa daftarini.
Usiku nikazifua kwa sabuni ya mche,
nikakuta kwenye ukosi wa kumi na nne
jina la kalamu lililopauka: Arnau.
Na kwapani, mshono.
Mimi ni fundi, najua mshono wa cherehani
na mshono wa mkono. Huu ulikuwa wa mkono,
wa mtu mwenye haraka na uzi usio wa rangi yake.
Sikuufumua.

Anaeli, mpwa wangu, ndiye aliyechimbua kwenye simu:
Andora. Nchi.
Ndogo hivi kwamba kwenye ramani
jina lake huandikwa nje ya mipaka yake.
Imebanwa milimani, Ufaransa huku, Uhispania kule,
kama *na* katikati ya majina mawili ya wakubwa.
"Na wana timu?"
"Ya taifa. Ya kikapu. Ya wanaume."
"Inashinda?"
Akakuna shingo.
"Inacheza, shangazi."

Basi vijana wa Pasua wakazivaa.
Kiwanja chetu goli moja lina ringi,
la pili lina alama ya kutu ringi ilipokuwa.
Hosea, wa tisa, alikosa jezi;
nikamwandikia AND kwenye fulana kwa chaki ya fundi,
jasho likaifuta kabla ya robo ya kwanza kwisha,
akacheza hivyo hivyo, hana neno kifuani.
Siku hizi mtaani wanatuita Timu ya Na.
Tumeshafungwa na Majengo, na Njoro, na Kiboriloni.

Jumapili moja wakacheza wenyewe, wale wa kweli.
Tukaegemeza simu kwenye kopo la vifungo,
vichwa tisa na changu juu ya kioo cha kiganja.
Nilimtafuta Arnau. Hayumo.
Jezi ikifika Memorial, mwenyewe ameshakuwa mtu mwingine:
labda ana kitambi, labda anauza viatu,
labda aliyemshonea kwapa hayupo.
Waliokuwepo walikuwa wafupi kuliko wenzao,
wakifungwa, wanakimbia kukaba.
Mmoja alianguka, mchezo ukamwacha,
akafunga kamba ya kiatu taratibu kama yuko kwao kibarazani,
ndipo akaufuata.
"Huyo," Hosea akasema, "huyo ni wetu."
Anaeli akauliza kama nao wakiulizwa kwao wapi
hunyoosha kidole juu, mlimani.
Hakuna aliyejua. Tukanyamaza kidogo.

Robo ya nne, zimebaki dakika tatu, kifurushi kikaisha.
Picha ikaganda: mpira hewani,
kocha ameshika kichwa kama aliyesahau jiko linawaka.

Matokeo yalikuja kesho yake, ujumbe kutoka Arusha,
kwenye kisimu changu cha tochi kinachokata maneno:
"Poleni watani. Wamefungwa themanini na"

"Na ngapi?" Hosea akauliza.
Nilikuwa na uzi mdomoni.
Akadunda mpira mara mbili kwenye vumbi, akarusha.